Sumaku haijui Kifaransa



Muulizeni mtoto wenu wa darasa la tatu sumaku ni nini. Atasimama wima, ataweka mikono nyuma, na atawapa jibu kwa Kifaransa bila kupumua: l'aimant attire le fer. Jibu ni sahihi. Sasa wekeni mbele yake sufuria ya alu inayong'aa na msumari wenye kutu, mumuulize kipi kitavutwa na sumaku. Wengi wataonyesha sufuria, kwa sababu ni kubwa na inapendeza. Msumari wanaudharau.

Simlaumu mtoto. Tangu Septemba 2019, shule ya msingi ilipotangazwa kuwa bure, madarasa yetu yamejaa, na hiyo ni furaha na kazi kwa pamoja. Darasani kwangu nina watoto 73 na sumaku moja. Kila mtoto akiishika kwa nusu dakika tu, dakika 36 zimekwisha, na kipindi kimekwisha nacho. Ndiyo maana wanakariri. Kukariri hakuhitaji vifaa.

Kwa hiyo sehemu ya mikono ya somo hili ninaiomba kwenu, nyumbani. Najua mtakachonijibu, kwa maana wengi wameshaniambia mlangoni pa shule: «Mwalimu, mimi niliacha masomo darasa la nne, Kifaransa kinanishinda, nitamsaidia nini mtoto?» Mama, sumaku haijui Kifaransa. Programu yenyewe ya serikali inataka watoto wa madarasa ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya taifa, na huku kwetu hiyo ni Kiswahili. Tena katika somo hili mwenye kusahihisha ni sumaku. Wewe kazi yako ni kuuliza swali moja kabla mtoto hajagusa kitu: «Unakisia nini?» Akisie kwanza, aseme kwa sauti, kisha ajaribu. Akikosea, usicheke na usimpe jibu. Amekwisha kuliona mwenyewe.

Sumaku ya kuchezea haihitaji pesa nyingi. Ndani ya kila redio iliyokufa kuna bafle, ile sehemu ya mviringo inayotoa sauti, na nyuma ya bafle kuna pete nzito nyeusi. Hiyo ndiyo sumaku. Watengenezaji wa redio kule Kadutu wanazo za kutupa. Mama akiomba kwa upole atapewa, au atalipa kidogo. Mwombeni fundi aitoe yeye, kwa sababu pete hiyo huvunjika kama sahani na kingo zake hukata. Mkiweza, chukueni mbili. Nitaeleza kwa nini.

Sasa mchezo wenyewe. Kusanyeni vitu 10 au 12 vya nyumbani juu ya mkeka: msumari, sindano, kijiko, sufuria ya alu, mkebe wa tomati, kopo la soda, kipande cha waya wa umeme wenye shaba, ufunguo, kibiriti, jiwe, kizibo cha chupa ya bia, kipande cha bati la paa, yaani manjanja. Mtoto apange mafungu mawili, «itavutwa» na «haitavutwa», kisha ndipo apewe sumaku. Fungu la kwanza litamshangaza. Sufuria ya alu hapana. Kopo la soda hapana, lakini mkebe wa tomati ndiyo. Shaba hapana. Manjanja ndiyo. Kizibo cha bia ndiyo.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotutega kidogo. Neno «chuma» kwetu linabeba mizigo miwili. Mara tunasema chuma tukimaanisha kitu chochote kigumu cha madini kinacholia ukikigonga, na hapo sufuria pia ni chuma. Mara tunamaanisha chuma chenyewe, kile cha msumari, cha panga na cha jembe, kile kinachoshika kutu nyekundu. Sumaku inavuta hicho cha pili. Mtoto anayesikia «sumaku inavuta chuma» anaelewa mzigo wa kwanza, ndiyo maana anaonyesha sufuria. Mfundisheni kuita kila kitu kwa jina lake: hii ni alu, hii ni shaba, hii ni chuma cha kutu. Mkifanya hivyo tu, mmeshafanya nusu ya kazi yangu.

Ziko metali nyingine mbili zinazovutwa kama chuma: nikeli na kobalti. Kobalti mnaisikia kila siku redioni, ni ile ya Kolwezi, na sehemu yake huingia katika sumaku zenye nguvu. Dhahabu haivutwi, fedha haivutwi, bati jeupe halivutwi.

Mkiwa na vijiko vya inoksi, wekeni viwili vya aina tofauti. Mara nyingi kimoja kitashikwa na kingine kitakataa, ingawa kwa macho ni ndugu mapacha. Inoksi ni chuma kilichochanganywa na vitu vingine, na kuna michanganyiko inayovutwa na isiyovutwa. Mtoto akikasirika kwamba sumaku «inadanganya», mmefika mahali pazuri sana. Na zile sarafu za Rwanda zinazobaki mfukoni mtu akitoka sokoni Kamembe? Siwaambii. Jaribuni.

Mvua ikinyesha mtapata mchezo wa pili, na huo ni wa Bukavu hasa. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano ya zamani, na udongo mwekundu tunaoukanyaga ni mawe hayo yaliyooza. Ndani yake mna punje nyeusi ndogo zenye chuma, zinaitwa magnetiti. Maji ya mvua yanapoteremka mfereji, udongo mwepesi unakwenda ziwani, punje nzito zinabaki na kuchora mistari myeusi chini. Mtoto achote mchanga huo, auanike ukauke. Funikeni sumaku kwa sashe safi, aipitishe juu ya mchanga. Punje nyeusi zitaruka na kusimama kama nywele za brosi. Kisha toeni sumaku ndani ya sashe: punje zote zinaanguka. Bila sashe mtazikwangua mpaka jioni.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika nchi nyingi hutumia njia hiyohiyo kutoa mchanga mweusi unaobaki na dhahabu mwishoni mwa kuosha. Wenye ndugu Kamituga waulizeni.

Sashe hiyo na sumaku hiyo sasa zipelekeni jikoni, kwenye unga. Hili ndilo lililonifanya niandike wiki hii.

Mashine ya kusaga ina nyundo au mawe ya chuma ndani yake. Vinazunguka kwa kasi, vinagongana na nafaka, pengine na kijiwe kilichoingia na mihogo, na vinachakaa. Kinachochakaa hakipotei hewani, kinashuka pamoja na unga. Mashine ikiwa kuukuu, au nyundo zikiwa zimebadilishwa jana, vipande vinaongezeka. Tandazeni unga mwembamba juu ya sinia, mtoto apitishe sumaku iliyofungwa sashe polepole, karibu kabisa na unga, kwenda na kurudi. Kisha atoe sumaku juu ya karatasi nyeupe na mtazame kilichoanguka. Pengine hakuna kitu, na hapo msifuni mwenye mashine. Pengine ni vumbi jeusi kidogo. Pengine ni nyuzinyuzi fupi zinazochoma kidole.

Mama mmoja ameniuliza: si waganga wanasema chuma kinaongeza damu? Ni kweli mwili unahitaji chuma kutengeneza damu, lakini kile cha sombe, maharagi, sambaza, nyama, au vidonge vya kliniki kwa mama mjamzito, ambavyo vina kipimo. Vipande vya nyundo havina kipimo, vimechanganyika na vitu tusivyovijua, na vingine ni vikali kwa meno na tumbo la mtoto mdogo. Si dawa.

Mkikuta vipande, msipige kelele sokoni na kumharibia mtu jina. Mwonyesheni mwenye mashine karatasi yenu. Mwombeni akibadilisha nyundo asage kwanza pumba kidogo na kuitupa. Mashine nzuri huwekewa sumaku mahali nafaka inapoingia na mahali unga unapotokea. Haimalizi kila kitu, lakini inasaidia sana. Kikundi chenye likelemba kinaweza kununua sumaku moja kubwa na kuikubaliana na msagaji, aisafishe kila jioni. Kumbukeni pia kwamba sumaku haioni mchanga wala vijiwe. Chekecheo libaki na kazi yake.

Turudi kwa mtoto, kwa maana zile sumaku mbili zinangoja. Mwacheni azikaribishe moja kwa nyingine. Zitarukiana na kushikana, angalieni vidole. Kisha ageuze moja. Sasa zinakataana! Anasukuma, na katikati hakuna kitu, lakini mkono unahisi kama kuna mto wa pamba. Nimeona watoto wenye fujo nyingi darasani wakinyamaza hapo. Kila sumaku ina pande mbili, ya kaskazini na ya kusini. Pande tofauti zinavutana, pande zinazofanana zinasukumana. Kuna mtoto atasema huo ni uchawi, na pengine bibi yake atamuunga mkono. Msimgombeze bibi. Mwambieni mtoto arudie mara kumi. Jambo hilo halibagui siku, wala mtu, wala nyumba. Litatokea vilevile kwa jirani na kwa adui. Hiyo ndiyo tabia ya kitu cha asili.

Kwa watoto wakubwa kidogo, wa darasa la nne kwenda juu, tengenezeni dira, kile kifaa walimu wanaita busole na ambacho manahodha wa pwani ya Uswahilini walisafiri nacho baharini. Mama ashike sindano ya kushonea. Aipitishie upande mmoja wa sumaku kutoka tundu mpaka ncha, ainue mkono, arudi mwanzo, tena na tena, mara 40 hivi. Asisugue kwenda na kurudi, atakuwa anafuta alichoandika. Kisha sindano iwekwe juu ya jani dogo kavu linaloelea katika beseni ya plastiki. Sumaku ipelekwe mbali, simu pia. Jani litazunguka taratibu na kusimama. Lizungusheni kwa kidole, litarudi palepale.

Kwetu Bukavu ni rahisi kusoma jibu. Ncha moja inatazama ziwani, kuelekea Kalehe, huku Idjwi ikibaki kidogo mkono wa kulia: hiyo ni kaskazini. Ncha ya pili inatazama Panzi na Nyangezi, kusini. Jua limetokea upande wa Rwanda na litatua upande wa Kabare. Mtoto ambaye ameliona hilo katika beseni ya mama yake hatachanganya tena ramani ubaoni. Sababu ni kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Mganga mmoja Mwingereza, William Gilbert, aliliandika mwaka 1600, na leo tunajua nguvu hiyo inatoka kwenye chuma kilichoyeyuka ndani kabisa ya dunia, ambacho hakitulii.

Umeme wetu nao unatoka huko. Mwaka 1831 Michael Faraday, mtoto wa mhunzi ambaye hakusoma shule ndefu, alionyesha kwamba ukisogeza sumaku karibu na waya wa shaba uliozungushwa, umeme unapita ndani ya waya. Pale mto Ruzizi unapotoka ziwani, kwenye kituo cha kwanza cha mwishoni mwa miaka ya 1950, na chini zaidi kwenye kile cha pili cha 1989 tunachoshirikiana na Rwanda na Burundi, maji yanazungusha magurudumu, magurudumu yanazungusha sumaku kubwa, na shaba inatoa umeme. Ukikatika, kama kawaida yetu, mtoto atajua walau ni nini kimesimama au ni waya gani haukufika.

Sasa onyo, na hili nawaomba mlisome kwa sauti katika vikundi vyenu, hasa mbele ya wasiojua kusoma.

Pete kubwa ya bafle haimezeki. Hatari iko kwa zile ndogo zenye kung'aa, kama punje ya mahindi au kifungo: za visikizio vya simu, za vishikizo vya mikoba, za michezo ya plastiki, za hereni zisizotoboa sikio. Ni ndogo lakini nyingi zina nguvu sana kwa ukubwa wake. Mtoto akimeza mbili, au moja pamoja na kipande cha chuma, zinatafutana tumboni. Moja iko katika utumbo huu, nyingine katika ule, zinashikana na kubana nyama katikati mpaka inatoboka. Mwanzoni mtoto anacheza kama kawaida. Baadaye anatapika, tumbo linauma, na sisi tunasema ni minyoo au malaria, na siku zinapita.

Ukijua au ukishuku mtoto amemeza sumaku, usingoje dalili. Nenda hospitali yenye radiografi siku ileile, hata usiku. Usimtapishe, usimpe dawa ya kuharisha, usimpige bomba, usimpe chakula njiani. Mwambie daktari wazi: «Amemeza sumaku,» na idadi kama unaijua, chukua nyingine inayofanana umwonyeshe. Na usimpige mtoto kwa kumeza. Akiogopa kipigo atakuficha, na saa anazokuficha ndizo zinazomwua. Wasichana wanaojiwekea sumaku mbili puani kama kipini, moja ndani na moja nje, wakatazwe leo. Zikishikana ndani ya pua hazitoki kwa kupenga.

Mambo mawili ya sokoni, kwa haraka. Bangili za sumaku zinazouzwa kwa kutibu presha na maumivu: haijathibitishwa kwamba zinatibu. Damu ina chuma, lakini si chuma cha msumari. Sumaku haiikusanyi wala kuisukuma. Anayetaka bangili kwa urembo anunue, mradi asiache vidonge vyake vya presha. Na dhahabu: muuzaji akikuonyesha kwamba sumaku haishiki pete yake, bado hujajua kitu, kwa maana shaba pia haishikwi. Sumaku inaweza kukuambia «hii si dhahabu tupu» ikishika. Ikikataa, haijasema kwamba ni dhahabu. Kuna mama katika kikundi chetu amelipa sana kujifunza hilo, na amenipa ruhusa kulisema bila jina lake.

Sumaku yenu iwekwe mbali na mbabula, joto kali linaipunguzia nguvu, na isianguke sakafuni kila mara. Kadi za benki zisikae nayo mkoba mmoja.

Swali la wiki, kwa mtoto na mama wote wawili. Ile sindano iliyoelea ina ncha ya kaskazini na ncha ya kusini. Mama akiikata katikati kwa koleo (mama, si mtoto, na aifunike kwa kitambaa isirukie macho), nusu ile ya kaskazini itabaki kaskazini tupu? Kisieni kwanza, kisha eleezeni nusu zote mbili katika beseni. Majibu yaletwe Jumamosi kwenye mkutano, pamoja na bafle zozote kuukuu mlizonazo. Darasa langu bado lina sumaku moja.